Tua Mzigo

Mbung'o hufuata kinachokwenda. Sentensi hiyo nilikuwa nimewaandikia watoto ubaoni kwa miaka miwili, lakini maana yake niliipata mgongoni mwangu, Septemba 2003, katika barabara ya mchanga kati ya Chaya na Tura. Nikisimama, wanapungua. Nikipanda tena baiskeli, wanarudi wengi kuliko mwanzo, wananipita, wanageuka, wanatua na kuchoma shati kana kwamba sikuvaa kitu. Rangi nyeusi na rangi ya bluu huwavuta kuliko nyingine. Baiskeli yangu ilikuwa Phoenix nyeusi, na shati langu lilikuwa la bluu.

Ilikuwa siku ya tano tangu nitoke Dodoma. Mkataba wangu wa kufundisha ulikuwa umekwisha na mwingine haujaanza, nami nilikuwa na miaka 27 na hamu ya kuandama njia ya zamani ya misafara mpaka Ujiji. Hamu hiyo aliipanda baba. Alifanya kazi katika gangi ya reli tangu ujana wake, na nilipokuwa mdogo alinilaza kwa majina ya stesheni badala ya hadithi: Bahi, Kintinku, Saranda, Manyoni, Itigi, Kitaraka, Kazikazi, Chaya, Tura, Malongwe, Nyahua, Goweko, Igalula, Tabora. Nyingine aliziruka, sikuwahi kujua kwa nini. Reli yenyewe ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na karibu katika kila hatua ilikaa jirani na njia ambayo miguu ya wapagazi ilikuwa imekwisha kuitengeneza. Nilitaka kuyaona majina yale yakiwa na miti, nyumba na watu.

Siku za kwanza hazina mengi ya kusimulia. Bahi nililala vizuri. Baada ya Kintinku ukuta wa Bonde la Ufa ulinishusha kwenye kiti, nikaisukuma baiskeli kwa miguu mpaka juu, na nilipogeuka nikaiona nchi yetu ya Ugogo imelala chini, kavu, ya rangi ya ngozi ya ng'ombe. Manyoni, kisha Itigi. Huko watu waliniambia nipande treni.

Magharibi ya Itigi kuna kichaka ambacho wataalamu wa mimea wamekiita kwa jina la mji huo. Ni uoto wa namna ya peke yake, unaoonekana hapo na sehemu chache za kaskazini ya Zambia. Miti yake ni ya mita tatu hadi tano tu, lakini imeshikana kiasi kwamba mtu hawezi kuingia bila panga, na jicho haliwezi kuingia kabisa. Unapita kama unapita katikati ya kuta mbili. Hakuna upepo. Ukitoka humo unaingia katika miombo, na hapo ndipo nilipopata furaha ya kwanza ya siku ile, maana ilikuwa Septemba, na miyombo haingoji mvua ili ichipue. Mwezi mzima au zaidi kabla ya tone la kwanza, majani mapya yanatoka mekundu, ya rangi ya shaba, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Msitu mzima ulikuwa umewaka bila moto. Nilisimama kuutazama, na mbung'o wakaniacha nitazame.

Kisha tairi la nyuma likapasuka. Pancha mbili nilikuwa nimekwisha kuziziba tangu asubuhi, nikiwa nimepiga magoti mchangani, natafuta tundu kwa mate kwa sababu maji hayakutosha kutumbukiza tyubu. Hii ya tatu haikuwa pancha. Tairi lenyewe lilichanika ubavuni, urefu wa kidole, na tyubu ikatokeza nje kama ulimi. Nilifungua mzigo kwenye keria, nikaupunguza, nikaufunga tena, nikaanza kukokota. Kibuyu cha plastiki kilikuwa na mafunda mawili. Funda la mwisho nililiweka mdomoni nikatembea nalo bila kulimeza, mpaka likawa la moto.

Saa kumi hivi jioni niliona mwembe mkubwa, na chini yake nyumba ya tembe, paa lake bapa limefunikwa udongo. Bibi mmoja alikuwa ameketi kivulini na ungo, akichambua karanga. Nilipiga hodi kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu.

"Karibu," alisema, bila kuinuka wala kushangaa. "Tua mzigo."

Niliegemeza baiskeli kwenye mwembe, nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akaingia ndani, akarudi na kata ya maji. "Polepole, baba," akasema. Nilikunywa. Akaijaza tena. Hakuniuliza jina, wala kabila, wala sababu iliyomfanya mtu mzima atokeze porini na baiskeli mbovu. Alirudi kwenye ungo wake. Mahali pengine nilikopita, maswali yalitangulia maji, na sikuwalaumu watu kwa hilo. Mgeni ni habari, na habari ni adimu. Lakini pale palikuwa na utaratibu uliokwisha kuzoeleka kabla yetu sote: kwanza mzigo, kisha maji, kisha kivuli, kisha ndipo mtu awe mtu wa kuulizwa.

Kimya kile nilikiogopa kidogo mwanzoni. Masikio yangu yalikuwa bado na mlio wa mnyororo na mchanga. Ulipotoka, vitu vingine vikaanza kuingia kimoja kimoja: ganda la karanga likivunjika, kuku akijikung'uta vumbini, mtwangio wa mbali, na juu ya yote mvumo wa nyuki kwenye mwembe, wa kudumu, kama mtu anayesoma kitabu kwa sauti ya chini chumba cha pili.

Mzee mwenye nyumba alifika jua likiwa limeinama. Alitoka kukagua mizinga yake, amebeba ndoo yenye kifuniko, ananuka moshi. Tulisalimiana kwa kirefu: habari za nitokako, za njia, za mvua ambayo haijaja. Kisha akaniuliza kwetu ni wapi.

"Dodoma, babu. Mvumi."

"Mgogo?"

"Ndiyo."

Aliweka ndoo chini taratibu. Akaja mpaka nilipoketi, akanipokonya kata mkononi. "Mbukwenyi!" alinisalimu kwa Kigogo, uso mkavu. Kisha akanyoosha kiganja. "Hongo."

Leo neno hilo lina maana moja tu, nayo ni rushwa. Lakini mzee alikuwa analitumia kwa maana yake ya kale, na nililielewa papo hapo, kwa sababu hata kwetu wazee hawajaisahau. Katika karne ya 19 hakuna msafara uliopita Ugogo bila kulipa hongo kwa watemi. Kila himaya ilidai yake: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba. Burton alilipa, Stanley alilipa mwaka 1871, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walilipa, na Wanyamwezi, ambao ndio walikuwa wapagazi wakuu wa njia ile, walilipa au walisimamishwa siku nyingi mpaka kiongozi wao akalipa. Na maji yalikuwa sehemu ya dai. Wazungu walioandika habari hizo waliwaita babu zangu wanyang'anyi. Mimi sikubaliani nao. Ugogo ni nchi ya ukame; kisima kinachimbwa kwa mikono katika mchanga wa mto mkavu, na msafara uliweza kuwa na watu mia kadhaa, hata zaidi ya elfu, wanaofika kwa siku moja na kiu ya siku mbili. Anayekunywa kisima cha kijiji mpaka tope na kwenda zake, amechukua kitu. Ni haki aulizwe.

"Babu zangu walinunua maji kwenu kwa kitambaa," mzee alisema, kata ikiwa juu ya kichwa chake mahali ambapo nisingeweza kuifikia. "Leo mjukuu wa Mgogo anakunywa kwa Mnyamwezi bure?"

Nilimjibu kama utani unavyotaka. Nikasema kwamba visima vile vilichimbwa na babu zangu wakati babu zake wanaimba njiani, na kwamba wangekuwa wanakunywa kwa adabu pasingekuwa na bei. Bibi aliweka ungo chini akacheka mpaka machozi. Mzee alicheka baada yake, akaenda mwenyewe mtungini, akanirudishia kata imejaa mpaka ukingoni.

"Kunywa. Deni tutalihesabu kesho."

Watu wa pwani na wa bara wameandika mengi kuhusu utani wa makabila, na mara nyingi wanauona kama matusi yaliyoruhusiwa. Mimi niliuona siku ile kwa jicho la mtu mwenye kiu. Wagogo na Wanyamwezi walikutana kwa shida: mmoja ana mzigo na hana maji, mwingine ana maji machache na anaogopa. Hapo pangeweza kubaki uadui mpaka leo. Badala yake vizazi vile viligeuza dai kuwa mchezo, na mchezo ukawa wajibu. Mtani wako hukutukana mlangoni, na ukifiwa ndiye anayekuja kushika jembe. Sijui chombo kingine, iwe mahakama au mkutano, ambacho kingeweza kumaliza kesi ile vizuri zaidi.

Tulikula ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga, na baadaye asali kutoka ile ndoo, ikiwa bado ndani ya masega. Ilikuwa nyeusi na yenye ukali kidogo kooni. Mzee alinieleza kwamba mzinga wa gogo hudumu kuliko wa gome, lakini wa gome ni mwepesi kwa mtu wa umri wake kuupandisha mtini. Na kwamba nyuki hawapendi mtu mwenye haraka, wanamsikia mapigo yake. Hilo la mapigo sina ushahidi nalo. Mikono yake, hata hivyo, ilikwenda polepole katika kila kitu, hata katika kumenya muwa.

Saa tatu usiku mtoto alikuja mbio kutoka stesheni, akasema treni ya bara imetoka Chaya. Ilikuwa inatarajiwa alasiri. Katika muda ambao nisingeweza kufunga viatu, kijiji ambacho nilidhani kimelala kilitoka nje. Vibatari vilishuka kutoka kila upande kuelekea relini, wanawake na ndoo za karanga vichwani, vijana na chupa za asali, wasichana na michembe na matobolwa, kuku waliofungwa miguu wakilalamika. Mzee alinipa chupa tatu nimbebee.

Treni ilisimama kama dakika kumi. Mabehewa ya daraja la tatu yalikuwa yamejaa mpaka milangoni, na mikono ilitoka madirishani kama matawi. Bei zilipigiwa kelele, chenji zikarushwa, mtu akalia kwamba kuku wake amebadilishwa, mama mmoja akakimbia na treni ambayo ilikuwa imeanza kwenda ili apate noti yake, akaipata. Kisha taa nyekundu ya behewa la mwisho ikaingia miomboni, na mlio ukapungua, na vibatari vikapanda vilevile vilivyoshuka. Nilisimama relini na fedha za chupa tatu mkononi. Wote waliokuwa ndani ya treni ile watasema wanaijua Tura: ni kelele, giza, asali, na mtu anayekimbia. Baba yangu mwenyewe, aliyeliweka jina hilo katika usingizi wangu, alilijua hivyo tu, maana kambi zake zilikuwa upande wa mashariki. Ile saa ya bibi na ungo wake haipo katika safari ya treni yoyote.

Kesho yake ilinibidi nikae. Fundi baiskeli alikuwa kijana wa miaka kama kumi na tano, na karakana yake ilikuwa mti, pampu, beseni la maji na kopo la misumari. Alilitazama tairi langu kwa muda mrefu, akaligeuza nje ndani. Tabora ndipo lilipo tairi jipya, alisema, lakini hili linaweza kukufikisha huko ukiwa na subira. Alifumua uzi wa nailoni kutoka gunia la mbolea ya tumbaku, akausokota mara mbili, akaanza kushona ubavu uliochanika kwa shazia, mishono mifupi ya karibu karibu, kama mtu anayefunga jeraha. Alipomaliza alikata kipande cha tairi kuukuu, akakinyoa kingo kwa kisu mpaka zikawa nyembamba, akakilaza kwa ndani ili tyubu isiguse mishono. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Wateja wengine walikuja, wakaketi, wakangoja, hakuna aliyemhimiza. Aliniuliza swali moja tu: kama ni kweli kwamba Ujiji mtu anaweza kuona maji yasiyo na ng'ambo. Nikamwambia nitamwambia nikirudi. Sikurudi kwa njia ile. Nilirudi kwa treni, nikapita Tura asubuhi, na nilipotoa kichwa dirishani sikumwona. Jambo hilo bado linaniuma.

Miaka mingi baadaye niliketi maktaba na kitabu cha Richard Burton kuhusu nchi za maziwa, kilichochapwa mwaka 1860, nikaifuata safari yake na Speke ya mwaka 1857 jina kwa jina. Baada ya Ugogo wanaingia katika nyika ambayo wapagazi waliiita Mgunda Mkali, shamba kali, kwa sababu ya kiu yake na moto wa jua lake. Kwa siku nyingi ni kichaka, miamba, maji machafu, na wapagazi wanaotupa mizigo. Halafu wanatokea penye mashamba na nyumba, mwanzo wa Unyamwezi, na Burton anaeleza jina la mahali pale: Tura, maana yake tua, weka chini mzigo wako, kwa kuwa atokaye mashariki na atokaye magharibi wote hulazimika kukaa hapo kabla ya kuendelea.

Nilifunga kitabu. Bibi hakuwa ananieleza asili ya jina la kijiji chake. Alikuwa anamkaribisha mtu kwa Kiswahili cha kawaida, kama ambavyo bibi yeyote angemkaribisha. Lakini aliyasema maneno hayohayo, mahali palepale, kwa mtu aliyetoka upande uleule akiwa na kiu ileile, na nadhani ningekuwa nimefika miaka mia moja hamsini kabla ningeambiwa hivyo na mwingine aliyeketi kivulini kama yeye. Njia ya misafara imewekwa katika orodha ya awali ya urithi wa dunia tangu 2006, na vituo vinavyotajwa zaidi ni vile vyenye magofu na makumbusho: Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara, Ujiji. Ni sawa, kwa sababu njia ile ilikuwa pia njia ya watumwa na pembe, na mateso hayo lazima yawe na kuta za kuyashuhudia. Tura sikuona gofu. Niliona tabia, nayo haiwezi kuwekewa kibao.

Mwaka 2023 nilipita tena, ndani ya basi. Lami imekamilika kutoka Manyoni mpaka Tabora, na jirani yake tuta jekundu la reli mpya ya kisasa lilikuwa linajengwa. Mahali ambapo nilitembea na funda moja la maji mdomoni tulipapita wakati kijana wa kiti cha mbele anatafuta wimbo kwenye simu. Siilaumu lami, akina mama wa kijiji kile waliohitaji hospitali usiku waliingoja kuliko mimi. Nilitafuta mwembe upande wa kushoto, nikadhani nimeuona, basi likawa limepita.

Lakini nirudi mwaka 2003. Asubuhi ya kuondoka Tura, siku ya tatu, nilitaka kumwachia mzee fedha kidogo. Alikataa bila kuzitazama. Nikamkumbusha kwamba alisema deni litahesabiwa. Akafikiri, akasema kweli, Mgogo asiende bila kulipa, itakuwa aibu kwa babu wa pande zote mbili. Hataki karatasi. Anataka chumvi ya kwetu, ile ya magadi inayokwanguliwa katika nchi ya Bahi, ambayo baba yake aliwahi kuisifu na yeye hajaionja tangu utotoni.

"Ukifika nyumbani," alisema, akinisaidia kukaza kamba ya keria. "Si lazima uje. Reli ipo."

Nilipofika Dodoma mwezi wa Novemba nilikwenda Bahi makusudi, nikanunua chumvi kilo mbili, nikaishona ndani ya kitambaa cheupe, kitambaa nikakichagua mwenyewe dukani, kizito, cha namna ambayo ingeitwa merikani zamani. Rafiki wa baba aliyekuwa gadi wa treni alikubali kuushusha mzigo Tura. Hapakuwa na simu huko wala anwani; niliandika tu jina la mzee na maneno "penye mwembe".

Februari gadi aligonga mlango wetu akiwa na chupa. Ilikuwa imezibwa kwa gunzi la mahindi na kufungwa kwa uzi wa nailoni, uliosokotwa mara mbili. Hapakuwa na barua. Baba aliifungua, akachovya kidole, akafumba macho, akasema, "Tura."

Kitambaa kilikuwa kimerudishwa pia, kimefuliwa, kimekunjwa, kimeviringishwa kwenye chupa ili isivunjike njiani.